Vyuma vimekaza: uzito haupandi, ni balbu imeungua au LUKU imeisha?

Hii kitu imenikuta mara nyingi mpaka nimeamua niiandike nimalize. Mtu anakuja jimu, anakaa pembeni yangu nikiwa napumzika kati ya seti, anaanza, "Kaka mimi benchi imenigomea, niko kilo themanini toka mwaka jana, nipe programu nyingine." (Benchi ni lile zoezi la kulala chali unasukuma baa juu ya kifua, programu ni mpango wa mazoezi.) Namwambia programu sina, hebu nione daftari lako. Daftari hana. Namuuliza wiki iliyopita ulipiga repu ngapi, yani uliinua mara ngapi kwenye kila seti, anaangalia juu kama vile jibu limeandikwa kwenye bati. Sasa hapo mimi nitajuaje kama amekwama kweli au anahisi tu amekwama, na hata nikimpa hiyo programu mpya yeye atajuaje kama imemsaidia?

Programu ndo kitu cha kwanza watu wanabadilisha na kwa ninavyoona mimi ilitakiwa iwe cha mwisho. Nyumbani taa ya sebuleni ikizima huanzi kubomoa ukuta utoe waya. Unachungulia chumbani, kukiwa kunawaka basi ni balbu ya sebuleni. Nyumba nzima giza, unaenda kuangalia LUKU. Mtaa mzima giza, unawasha mshumaa unakaa unasubiri. Vyuma navyo ni hivyohivyo, swali la kwanza kabisa ni kimegoma kimoja au vimegoma vyote? Benchi imekaa palepale lakini skwati (kuchuchumaa na baa mgongoni) na dedilifti (kuinua baa kutoka chini) zinapanda, hiyo ni balbu, tatizo liko kwenye benchi yenyewe. Vyote vimesimama kwa pamoja, acha kuhangaika na benchi, umeme haufiki, na umeme wa mwili unatoka nje ya jimu.

Ila kabla ya hapo,

KWANI UMEKWAMA KWELI?

Wiki mbili siyo kukwama. Kama bado mgeni, yani hujamaliza hata miezi sita, hesabu umekwama ukifeli uzito uleule siku tatu mfululizo za zoezi hilo. Kama umeshakaa mwaka au zaidi basi subiri wiki nne mpaka sita ambazo hakuna kilichoongezeka, siyo kilo, siyo repu, hamna kitu. Chini ya hapo ni siku mbaya tu, kila mtu anazo.

Halafu kuna kuongezeka ambako huoni. Mfano mwezi wa tatu ulipiga kilo 80 repu 5, mwezi wa tano unapiga 77.5 repu 8 unasema umeshuka. Kuna hesabu moja rahisi ya kukadiria ungebeba kilo ngapi kwa repu moja: chukua repu gawanya kwa 30, jumlisha 1, zidisha kwa uzito. Ile ya 80 inakupa kama 93, ile ya 77.5 inakupa 98. Umepanda kilo tano na wewe uko kona unalia. Hesabu hii inaanza kudanganya repu zikiwa nyingi, mimi siiamini ikishapita kumi, lakini chini ya hapo inasaidia sana.

Na kuna mtu alikuwa anapiga skwati ya 100 anashuka nusu, kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti akakumbuka amesahau simu. Kocha akamrekebisha, sasa anashuka mpaka mapaja yanapita magoti, anapiga 85. Huyo hajashuka, huyo ndo ameanza skwati.

Sasa nikwambie aibu yangu mwenyewe. Nilianzia jimu moja ya uani, vyuma vya kuchongesha, pleti za zege na gia za gari, baa ni bomba (baa ya chuma, siyo ile ya bia). Wote tulikuwa tunahesabu bomba ni kilo 20 na pleti zimeandikwa 15 kwa rangi nyeupe. Nikafika benchi ya 80, pleti mbili kila upande, nikajigamba mtaa mzima. Nikahamia jimu nyingine yenye vyuma vya dukani, baa ya kilo 20 kweli, nikawekewa 80 ikanilalia kifuani wakaja kuniokoa watu wawili. Nikashushwa mpaka 70 ndo nikaweza. Miezi nimechanganyikiwa, nakula, nalala, nabadilisha programu, najiuliza nimelogwa. Siku moja tukarudi kule uani na mshkaji mwenye duka la nafaka, tukabeba bomba na pleti tukapandisha kwenye mzani wake wa magunia. Bomba kilo 13. Pleti za "15" zilikuwa 14. Jumla yote 69! Kwahiyo nilipopiga 70 ya kweli nilikuwa nimevunja rekodi yangu, na mimi nilikuwa kwenye msiba.

Kama unapiga kwenye vyuma vya kuchongesha, pima. Mara moja tu. Ukihama jimu anza daftari upya, usilinganishe. Hata baa za dukani zipo za 20, zipo za 15 zilizotengenezwa kwa ajili ya wanawake, na zipo fupi ambazo kila kampuni na uzito wake.

Daftari lenyewe siyo kitu cha ajabu, la shule la kurasa 40 linatosha. Tarehe, zoezi, kilo, repu za kila seti, na neno moja la hali yako, "nimelala vibaya", "sijala", "fresh". Hilo neno moja ndo lina kazi kubwa kuliko namba zote, utaona mbele.

VYOTE VIMEGOMA: ANGALIA LUKU

Haya, daftari lipo, wiki tano hakuna kilichosogea, siyo benchi siyo skwati siyo kuvuta. Hapa ningeweka pesa yangu kwenye chakula kabla sijasikiliza maelezo mengine.

Dalili za chakula: uzito wako wa mwili ni uleule toka miezi miwili iliyopita au umeshuka kidogo, na ukifika seti ya tatu unaishiwa ghafla kama pikipiki iliyokata mafuta. Na ukiulizwa unasema "mimi nakula sana". Kila mtu anakula sana mpaka aandike. Jamaa mmoja wa boda tulikaa naye tukaandika siku nzima: asubuhi chai ya rangi na maandazi matatu, mchana saa nane hivi wali maharage, usiku chipsi mayai. Ameshiba kweli, simkatalii. Ila tuhesabu protini. Yai moja lina kama gramu 6, chipsi mayai ya mayai mawili ni 12 kwenye mayai. Maharage yaliyopikwa kikombe kizima ni kama gramu 15, na pale kwa mama ntilie hupewi kikombe kizima, unapewa mchuzi wenye matumaini. Ukiongeza kidogo kidogo kwenye wali, maandazi na viazi, kwa kukadiria na kwa huruma tulifika kama 50. Mtu wa kilo 70 anayebeba vyuma anatakiwa azungukie gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yani 112 kwa siku. Yuko nusu ya njia anashangaa gari haliendi.

Na siyo lazima ununue kopo la unga wa protini kutoka nje. Kwa bei ya kopo moja kubwa unapata trei za mayai za kula muda mrefu tu. Dagaa wakavu ndo siri ambayo watu wanaidharau kwa sababu ni chakula cha shida, wakati zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Maziwa glasi moja gramu 8. Karanga gramu 50, yani konzi moja ya maana, zina kama gramu 12 na kalori kama 280 ambazo unazihitaji pia, maana kuna wale wa upande wa pili, wamesikia protini protini wameacha ugali kabisa wanakula mayai na kuku tu, halafu wanashangaa skwati haina nguvu. Ugali ndo mafuta ya gari. Usiutukane.

Cha kufanya: jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, umeshatoka chooni, hujanywa chai. Kama we mwembamba na unataka nguvu, gramu 200 mpaka 300 kwa wiki zinatosha. Haipandi? Ongeza kitu kimoja tu kwenye siku, uji wa maziwa uliotiwa karanga za kusaga, kaa nao wiki tatu, pima tena. Usiongeze vitu sita siku moja, hutojua kipi kimefanya kazi na tumbo litakuadhibu. Ila kama unapunguza kitambi makusudi, unakula kidogo kwa mpango, basi usilie benchi ikisimama. Umeshuka kilo sita na bado unabeba uzito uleule? Hiyo ni kazi nzuri, endelea.

(Kreatini, ile poda ya kuongeza nguvu, mtu ataniuliza tu. Ndiyo inasaidia, gramu 3 mpaka 5 kila siku, haina haja ya mbwembwe. Lakini haizibi pengo la andazi.)

Usingizi. Dalili yake siyo kusinzia kazini peke yake, dalili yake ni uzito wa kupasha. Baa tupu ikiwa nzito siku hiyo ujue kuna usiku umeukopa. Pia ukiona huwezi kuingia jimu bila kopo la enaji. Saa saba mpaka tisa ndo kiwango cha mtu mzima na sisi huku tuna maadui wetu, joto la mwezi wa kwanza na wa pili ambalo feni linazungusha tu hewa ya moto, na mechi za Ulaya ambazo kwa saa zetu zinaanza saa nne au saa tano usiku. Sikwambii usiangalie mpira, mimi mwenyewe naangalia. Nakwambia kesho yake usipange skwati nzito, panga kitu chepesi au pumzika, na kwenye daftari andika "mpira" ili mwezi ujao usitafute mchawi.

Uchovu uliolimbikizwa. Huu unakuja kwa mtu mwenye bidii, ndo maana unauma. Miezi miwili ya kwanza kila kitu kinapanda, unaongeza siku, unaongeza seti, kila seti unapiga mpaka ufie chini ya chuma, halafu taratibu namba zinaanza kurudi nyuma. Viwiko vinauma, magoti yanalalamika ukiinuka kwenye daladala, hamu hamna, mapigo ya moyo ukiamka asubuhi yako juu kuliko ulivyozoea. Watu wakifika hapa wanaongeza bidii, na ndo kosa. Dawa yake inashangaza kwa urahisi: wiki moja kata seti nusu, uzito punguza kama asilimia 10, repu usifie. Ukirudi wiki inayofuata mara nyingi ile kilo iliyokushinda inapanda kama utani. Na kuanzia hapo kwenye seti nyingi bakiza repu moja au mbili tumboni. Kufia chini ya chuma ni kwa siku maalum.

Ukihesabu uchovu usihesabu wa jimu peke yake. Mwili haujui tofauti ya skwati na kubeba zege. Fundi anayepandisha ndoo ghorofa ya tatu kutwa nzima, kuli wa sokoni, mtu wa jogingi ya Jumamosi kilomita kumi na bonanza Jumapili, huyo akipewa programu ya siku sita kwa wiki kama aliyonayo kijana asiye na kazi anayelala mpaka saa nne, lazima akwame. Siku tatu zinamtosha kabisa.

Kinyume chake pia kipo na hakisemwi kwa sababu hakipendezi: huna uchovu wowote kwa sababu hufanyi kazi. Unaenda mara mbili kwa wiki, nusu saa, kifua na mkono, picha kwenye kioo. Msuli mmoja ukipata seti kama kumi ngumu kwa wiki hapo tunaweza kuanza kuongea. Chini ya seti nne, tano, hujakwama, hujaanza.

Maradhi nayo. Umetoka malaria juzi, umemaliza dozi, unarudi jimu siku ya tatu unataka uanzie ulipoachia? Anzia kama nusu, panda taratibu kwa wiki mbili tatu. Na kama unachoka hata kwa ngazi, pumzi inakatika, kichwa chepesi ukisimama, macho na viganja vimepauka, usitafute ushauri kwa wabeba vyuma, nenda kapime damu. Akina dada hasa wenye hedhi nzito, upungufu wa damu unaweza kujificha muda mrefu sana mtu anajiona mvivu, kumbe damu haibebi hewa ya kutosha. Minyoo nayo inakula damu, sisemi utani. Na hizi usisubiri hata kesho: maumivu ya kifua, kuzimia, au mkojo wenye rangi ya kola baada ya zoezi zito ulilokuwa hujalizoea. Hiyo ya mkojo ni misuli imevunjika inaenda kuziba figo, hospitali siku hiyohiyo.

Ramadhani naiweka hapa ingawa siyo tatizo, ni kalenda. Kila mwaka watu wanaingia na mipango ya kuongeza kilo kwenye mwezi mtukufu, wiki ya pili wamekata tamaa. Shikilia tu ulichonacho. Uzito kwenye baa uache karibu na uleule, seti kata hata theluthi mbili, piga baada ya futari chakula kikishatulia au baada ya tarawehe. Nguvu haipotei kwa mwezi mmoja wa namna hiyo, inayopotea ni ile ya mtu anayeacha kabisa mpaka baada ya Idi, na Idi yenyewe ina pilau.

KIMOJA TU KIMEGOMA: BADILISHA BALBU

Hapa ndo kuna raha kwa sababu matatizo yanaonekana kwa macho. Weka simu chini upande wa pembeni, jirekodi seti yako nzito, halafu angalia inakwamia wapi.

Benchi ikikwama palepale kifuani, haitoki, mara nyingi umezoea kuidundisha. Inashuka kwa kasi, inapiga mbavu inaruka kama mpira, uzito ukiongezeka mdundo hautoshi tena. Au umelala kama unalala kitandani, mabega yamelegea. Bana mabega nyuma kama unataka kukamata kalamu katikati ya mgongo, miguu ikanyage chini kwelikweli, punguza uzito kama asilimia 15 na kila repu ikifika kifuani itulie, hesabu moja, ndo uisukume. Wiki nne. Ikikwama juu, mikono karibu inyooke halafu inatetemeka inarudi, hiyo ni misuli ya nyuma ya mkono, ongeza benchi ya kushika mikono karibukaribu, na dipu, yani kujishusha na kujisukuma juu katikati ya vyuma viwili. Na kama unapiga benchi Jumatatu tu, siku ya benchi duniani kote, jaribu kuipiga mara mbili kwa wiki kabla hujafikiria kingine chochote. Kati ya vyote nilivyoviona vikifanya kazi kwa benchi hicho ndo namba moja.

Seti ya kwanza repu 5, ya pili 3, ya tatu 2, unasema nguvu imeisha. Hapana, umepumzika dakika moja ulipotakiwa upumzike tatu. Kuna dhana kwamba kupumzika ni uvivu, jasho lazima litiririke. Hiyo ni kwa mtu wa kukata mafuta. Mtu wa nguvu anakaa chini dakika mbili mpaka tatu, kwenye uzito wa kuua hata tano. Weka alamu, maana pia kuna wale wanaopumzika dakika kumi na tano wanabishana Simba na Yanga, misuli inapoa.

Halafu ngazi. Hili linaumiza sana watu wa jimu ndogo na halionekani. Pleti ndogo kuliko zote ni ya 2.5, ukiweka kila upande umeongeza 5. Kwa mtu wa dedilifti ya 100 hiyo ni asilimia 5, sawa, mlima lakini unapandika. Kwa dada anayesukuma 25 juu ya kichwa hiyo ni asilimia 20! Hakuna mwili unaopanda ngazi ya namna hiyo, halafu anaambiwa hana moyo. Dawa ya bure: kaa kwenye uzito uleule ongeza repu, ukitoka seti za repu 5 ukafika 8 zote safi ndo uongeze pleti urudi 5. Dawa ya pili, tengeneza pleti zako. Mifuko miwili ya mchanga, pima nusu kilo nusu kilo dukani, funga kwenye baa kwa mpira wa tyubu, kila upande mmoja. Watu watacheka wiki ya kwanza. Sisi ile mifuko ilianza ya mtu mmoja sasa hivi inagombaniwa.

Skwati, angalia vitu viwili. Ukiinuka makalio yanatangulia mabega yanabaki chini, unageuka unainama kama unapalilia, basi uzito umekimbilia kiunoni, punguza, vuta pumzi jaza tumbo uishikilie mpaka upite sehemu ngumu. Na magoti yakiingia ndani yasukume nje. Kiatu je? Raba laini zile za kukimbilia ni kama kusimama kwenye godoro, vua, piga peku au vaa raba za soli ngumu. Ndala hapana jamani, nimeona mtu na ndala na kilo 120 mgongoni nikatoka nje. Pia jiulize kwa ukweli kama ni woga. Kama hakuna vyuma vya kudakia wala mtu wa kusimama nyuma yako, mwili unakuwekea breki kabla nguvu haijaisha, na uko sahihi kabisa kuweka.

Dedilifti haraka haraka: mgongo na miguu vinaweza ila vidole vinafunguka. Kwa unyevu wa Pwani hiyo ni jasho kabla ya kuwa nguvu. Chaki. Mkono mmoja kiganja mbele mwingine nyuma, kwenye seti nzito tu. Na baa isiwe mbali na miguu, ikupake vumbi kwenye ugoko. Sentimita tano mbele ni kilo nyingi za bure.

HAKUNA KILICHOHARIBIKA

Umekagua vyote. Unakula, unalala, namba zimeandikwa, mbinu safi, na bado mwezi mzima umeongeza kilo moja na nusu tu. Karibu, umeshakuwa mkongwe. Hii ndo giza la mtaa mzima, siyo kosa lako.

Piga hesabu uone. Anza benchi kilo 40, ongeza 2.5 kila wiki kama ulivyokuwa unafanya ulipoanza. Baada ya miaka miwili na nusu uko 365. Rekodi ya Julius Maddox wa Marekani ya mwaka 2021, benchi bila shati la kusaidia, ni 355. Kwahiyo kama ile kasi ya mwanzo ingedumu kila jimu ya mtaani ingekuwa na bingwa wa dunia anayeuza vocha pale mlangoni. Lazima ipungue. Mgeni anaongeza kila siku ya zoezi, akikaa mwaka anaongeza kwa wiki au kwa mwezi, akikaa miaka anashukuru kilo tano kwa mwaka.

Sasa hapa, na hapa tu, ndo programu mpya ina maana. Acha kujaribu kuvunja rekodi kila siku. Kwa wiki weka siku moja nzito ya repu 3 mpaka 5, moja ya kati ya repu 8 hivi, moja nyepesi ya kurekebisha mbinu. Ongeza ile nzito kila baada ya wiki tatu, wiki ya nne pumzisha. Ukifeli, rudi nyuma asilimia 10 upande tena, safari ya pili mara nyingi inapita pale ilipokwamia ya kwanza.

Na hapa ndo watu wa sindano wanapokupata. Wanajua umechoka kusubiri. Dawa za kupandisha misuli za kichochoroni, hujui chupa ina nini, zinazima homoni zako mwenyewe, zinagusa ini na moyo, na kuna vijana wanatafuta mtoto hawapati hawasemi kwanini. Sitaandika zaidi ya hapo.

Yule wa themanini niliyeanza naye, alinunua daftari kwa hasira, nadhani ili anithibitishie. Wiki ya sita akaja nalo tukalifungua pamoja. Benchi anapiga Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu zote sita amefeli, Alhamisi tano kati ya sita amepita, na Jumatatu kwenye lile neno moja la hali ameandika "bonanza", "bonanza + bia", "bonanza", "harusi", "bonanza", "bonanza". Akaangalia, akacheka mwenyewe. Kahamishia siku ya kwanza Jumanne, programu ileile, seti zilezile. Saa hizi yuko 87.5 na ameanza kunisumbua kuhusu skwati.